Mota ya pedali Malindi: nunua ukiwaza chumvi na mchanga, mlima hatuna

Wauzaji wa baiskeli za umeme wana swali wanalolipenda: "Unataka wati ngapi?" Kwa mtu wa Malindi hilo ni swali la tano au la sita. Kutoka Silversands hadi Maweni, kutoka Shela hadi Kisumu Ndogo, hakuna kilima cha kukutoa jasho. Kinachoimaliza baiskeli ya umeme hapa ni hewa ya chumvi, mchanga mlaini, mzigo, na kipuri kidogo kilichovunjika leo ilhali anayekiuza yuko China. Mota ya pedali, ile inayokaa kwenye ekseli ya pedali na kuzungusha krenki (mikono ya pedali) badala ya kuzungusha gurudumu moja kwa moja, imejijengea jina kwa kupanda milima. Sasa mji usio na milima unaitakia nini?

Wengi wetu hatuihitaji. Mwalimu anayetoka Muyeye asubuhi na kurudi jioni, barabara ya lami, begi la vitabu mgongoni, anatoshwa na mota ya habu, ile inayokaa katikati ya gurudumu, ya wati 250 au 350 yenye gia ndani, na betri ya volti 36. Bei yake ni ndogo, cheni haibebi nguvu ya mota, na ikifa njiani anaendelea kukanyaga kama kawaida. Mtu huyu akiuziwa mota ya pedali ameuziwa gharama ya cheni na sproketi (magurudumu yenye meno) isiyomhusu.

Inayemlipa ni yule anayebeba mzigo: kreti za mkate, samaki, madumu ya maji. Ni yule anayetoka nje ya lami kila siku, tuseme njia za ndani za Ganda, Goshi au Mambrui. Na ni yule wa safari ndefu anayetaka kukanyaga kwa dhati huku mota ikimsaidia, kama wa kwenda Watamu na kurudi. Ukijiona humo, tuendelee.

Mchanga na hesabu ya gia

Mota yoyote ya umeme hufanya kazi vizuri ikizunguka kwa kasi yake. Ukiilazimisha kuzunguka polepole huku ikivuta mzigo, umeme mwingi hugeuka joto badala ya mwendo. Mota ya habu imefungwa kwenye gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizama mchangani na mwendo ukashuka hadi kilomita 6 kwa saa, nayo inaburuzwa kwenye kasi hiyo hiyo. Haina pa kukimbilia. Inavuta ampea nyingi, inapata moto, na ukizoea hivyo utaunguza gia za nailoni au waya zake.

Mota ya pedali inapitia gia zako za nyuma. Chukua sproketi ya mbele yenye meno 46 na gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2. Ukiwa kwenye gia kubwa ya nyuma yenye meno 34, krenki ikizunguka mara 70 kwa dakika unakwenda kama kilomita 12.5 kwa saa, na mota iko mahali inapopapenda. Mwendo huo huo ukiufanya kwenye sproketi ndogo ya meno 11, krenki inazunguka mara 22 au 23 tu kwa dakika. Hapo umeigeuza mota ya bei ghali kuwa jiko. Wanaoharibu mota za pedali katika mchanga huwa wameacha gia ile ile waliyotoka nayo kwenye lami, wakabonyeza akseleta na kungoja miujiza. Shusha gia kabla ya kuingia mchangani, si ukiwa umeshakwama.

Na tairi. Gia hazisaidii chochote kwa tairi nyembamba. Tafuta fremu inayokubali tairi ya inchi 2.2 hadi 2.4, ujaze upepo wa psi 40 kwenye lami na ushuke hadi 20 au 25 kwa mchanga mlaini ikiwa hujabeba. Ukibeba usishuke hivyo, rimu itagonga jiwe na kupasua tyubu. Chagua tyubu za valvu ya gari, ujaze upepo kwenye petroli stesheni yoyote.

Gurudumu linabaki gurudumu

Sifa hii wauzaji hawaisemi, na kwa hapa naiweka juu ya zote. Gurudumu la nyuma la baiskeli yenye mota ya pedali ni gurudumu la kawaida. Ukichomwa na mwiba, unalegeza ekseli, unatoa, fundi yeyote chini ya mwarobaini anaziba. Spoki ikikatika anaweka nyingine. Rimu ikipinda anaifuma upya kwenye habu ile ile.

Mota ya habu ikipata pancha inabidi ukate vifungio vya waya, utenganishe plagi, ulegeze nati kwa spana ya 18 mara nyingi, na ukumbuke washa (pete bapa ya chuma) yenye jino ilikaa upande gani na ilielekea wapi. Washa hiyo ndiyo inayoizuia ekseli kuzunguka. Fundi asiyeijua akiirudisha vibaya, siku ya kwanza ukibonyeza umeme ekseli inajizungusha yenyewe na kukata waya zote tatu za mota pale zinapoingia. Spoki nazo kwenye habu kubwa ni fupi, na urefu wake si ule unaouzwa madukani.

Kwa anayepeleka mkate alfajiri na hana nafasi ya kusimama nusu saa, hili peke yake linatosha kuamua.

Cheni ndiyo inayolipa

Mguu wa mtu mzima unatoa kama wati 100 kwa mwendo wa kawaida. Mota ya pedali inaongeza 500, 750 au zaidi, na zote zinapita kwenye cheni moja. Changanya na vumbi jekundu la barabara ya Marafa au mchanga wa pwani uliolowa mafuta, na hiyo cheni inakuwa msasa.

Kwa hiyo nunua baiskeli ya gia 8 au 9 za nyuma, usivutiwe na 11 wala 12. Cheni zake ni nene, za bei nafuu, na zinapatikana. Sproketi za nyuma ziwe za chuma. Zile za aluminiamu zinaliwa upesi. Pima cheni kwa rula ya chuma: pini 21 mfululizo, kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho, mpya inatoa milimita 254. Ikifika 255.3 imerefuka nusu asilimia, badilisha. Ukingoja hadi 256 na kupita, sproketi za nyuma zitakuwa zimechongoka kufuata cheni mbovu, na cheni mpya itaruka juu yake. Hapo unalipa vyote viwili.

Kubadilisha gia huku mota inasukuma ndiko kunakovunja cheni na kupinda meno. Baiskeli nzuri ina sensa (kitambuzi) ya gia kwenye kebo, inayozima mota kwa sehemu ya sekunde unapobadilisha. Kama haina, gusa breki kidogo tu, kiasi cha kuamsha swichi yake ya kukata mota bila kushika gurudumu, halafu badilisha. Mkono unazoea haraka. Mpanda baiskeli mwingine akiiazima ndiye atakayekuletea cheni mfukoni.

Mtumba wa Italia, mtumba wa Japani, na seti ya mota ya kufunga mwenyewe

Malindi ina bahati ya Waitaliano. Baiskeli nzuri huja nao, na wakiondoka huuzwa. Utakutana na mota za Bosch na Shimano, fremu safi, breki za mafuta, nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 85 kwenye mota kubwa kama Performance Line CX ya Bosch, kizazi cha nne, au EP8 ya Shimano. Unakanyaga inakuelewa, kwa sababu sensa yake inapima nguvu ya mguu. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hukata msaada ukifika kilomita 25 kwa saa, na hazina akseleta. Anayekuambia "hiyo inafunguliwa tu" mwache aifungue kwanza ndipo ulipe.

Shida ni kwamba mifumo hii imefungwa. Betri inazungumza na mota, na mota haikubali betri ya kuundwa na fundi. Bosch walipoleta mfumo wao mpya mwaka 2021, betri zake hazikuingiliana na za mfumo wa zamani. Kwa hiyo betri ikifa baada ya miaka, unatafuta ya kizazi kile kile hasa, na kuisafirisha ni mtihani mwingine. Usimwagize jamaa aliye Milano akuletee kwenye begi: ndege za abiria haziruhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ya baiskeli ni 400 hadi 625 au zaidi. Itabaki uwanja wa ndege, na yeye atachelewa. Lazima ije kama mzigo wa hatari, kwa karatasi zake. Mota yenyewe ikisumbua ndani, utaratibu wa kampuni ni kubadilisha mota nzima kupitia wakala mwenye kompyuta yao. Ukipata baiskeli ya namna hii kwa bei ya chini, ihesabu kama baiskeli yenye maisha ya betri moja. Ikikulipa kwa hesabu hiyo, chukua.

Za Kijapani ni hadithi tofauti. Yamaha ndio walioanza kuuza baiskeli ya kusaidiwa na umeme, mwaka 1993, na za mtumba za Yamaha, Panasonic na Bridgestone nyingi zina mota pale pale kwenye pedali. Ni ngumu, zina kapu mbele na keria imara nyuma. Sheria ya kwao inaruhusu mota kuongeza hadi mara mbili ya nguvu yako chini ya kilomita 10 kwa saa, kisha msaada unapungua taratibu hadi kuisha kabisa kwenye 24. Kwa mama anayekwenda sokoni ni mwendo wa heshima kabisa. Lakini soma chaja kabla ya kuichomeka. Japani wanatumia volti 100, sisi 240. Chaja iliyoandikwa "100V" peke yake ukiichomeka ukutani kwako italipuka papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha volti yenye wati za kutosha, nayo nunua siku ile ile unayonunua baiskeli.

Njia ya tatu ni seti ya mota ya kufunga kwenye baiskeli ya kawaida, na kwa matumizi ya kazi hapa ndiyo ninayoipendekeza. Majina matatu yanatosha. Bafang BBS02 ni ya kazi za kawaida hadi wati 750. BBSHD ni ya wati 1000, nzito, kama kilo mbili zaidi ya ndugu yake, lakini chuma chake kingi kinatoa joto vizuri, na kwa anayebeba kilo 60 za mzigo kila siku sioni ubishi. Tongsheng TSDZ2 ina sensa ya nguvu ya mguu, ni tamu kuliko zote kukanyaga, na inakula betri kidogo. Udhaifu wake ni joto: ndani yake mota haigusani vizuri na gamba la nje, kwa hiyo joto halina njia ya kutokea. Mpanda baiskeli mwepesi wa kwenda Watamu Jumapili ataipenda. Wa madumu ya maji asiiguse.

BBS zote mbili hazipimi nguvu ya mguu, zinahisi tu kwamba krenki inazunguka, kisha zinasukuma. Mwanzo wake una kuchelewa kidogo halafu ghafla. Mchangani ghafla hiyo inachimba shimo chini ya tairi, ndiyo maana ngazi ya kwanza ya msaada lazima ipunguzwe kwenye mipangilio kabla hujakabidhiwa. Mwambie muuzaji afanye mbele yako.

Fremu kabla ya mota

Pima bomba la ekseli ya pedali. Upana uwe kati ya milimita 68 na 73, na tundu la ndani lipitishe bomba la milimita 33.5. Baiskeli nyingi za milimani za mtumba, zenye nyuzi za Kiingereza ndani, zinakubali. Fremu mpya zenye tundu kubwa la beringi za kushindilia zinahitaji adapta. Fremu za kaboni ziache.

Swali linalorudi kila mara: "Fundi, Black Mamba je?" Ni ile baiskeli nzito ya kizamani ya mizigo. Fremu yenyewe ni chuma kizuri, na tundu lake linaweza kukubali baada ya kupimwa. Tatizo ni breki za fimbo. Mzigo wa kilo 60, mwendo wa kilomita 30, rimu zimelowa na mvua ya masika, tuktuk mbele imesimama bila taa: hazitasimama. Tena hazina pa kufunga swichi ya kukata mota. Atakayeng'ang'ania abadilishe gurudumu la mbele na uma wake, aweke breki ya diski. Ukishajumlisha hayo, baiskeli ya milimani ya mtumba imekuwa nafuu.

Juu ya breki, za mafuta zinashika vizuri zaidi, lakini kwa kazi ya hapa napendelea diski ya kebo ya milimita 180. Kebo ikikatika inapatikana kila duka la baiskeli, mafuta na mpira wake hayapatikani.

BBS haina nyuzi za kuingia kwenye fremu. Inapita ndani ya bomba, inabanwa kwa nati kubwa upande wa kushoto, na bati lenye meno linang'ata fremu ili mota isizunguke. Kwa kuwa kila mkanyago unajaribu kuigeuza, nati hulegea, hasa katika kilomita 50 za mwanzo. Dalili ni mlio wa "kut" mmoja kila unapoanza kuvuta, na mota inayosogea ukiishika kwa mkono. Usiendelee kuendesha hivyo: meno ya bati yatakula aluminiamu mpaka pasiwe na pa kung'ata. Kaza nati ya kwanza, kisha ya pili ya kufungia, kwa spana yake maalumu, si kwa nyundo na tindo kama inavyofanywa. Piga mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Mstari ukikatika unajua imezunguka, bila kugusa spana.

Betri: piga hesabu kwa safari yako, si kwa stika

Volti zidisha kwa ampea-saa, unapata wati-saa. Ukikanyaga na kusaidiwa kiasi, kilomita moja inakula wati-saa 8 hadi 12. Ukiegemea akseleta tu ni 15 hadi 20. Kusi likivuma kati ya Aprili na Septemba, anayekwenda Watamu anakwenda nalo usoni, basi chukua 12. Safari ya kwenda na kurudi tuiweke kilomita 45: mara 12 ni 540. Betri haifai kumalizwa hadi chini, acha akiba ya asilimia 20, hesabu inafika 675. Hiyo ni betri ya volti 48 na ampea-saa 14, ikiwa mpya. Itakapozeeka itapungua, kwa hiyo mwenye uwezo anunue ya 17.5. Wa ndani ya mji, kilomita 15 kwa siku, volti 48 na ampea-saa 10 zinamtosha na kubaki.

Kuijaza ile ya 14 kutoka sifuri kunakula kama robo tatu ya uniti ya tokeni. Stima siyo gharama ya baiskeli hizi, betri ndiyo gharama.

Sasa angalia namba ambayo stika nyingi hazina: bodi ya ulinzi ndani ya betri, BMS kwa mafundi, inaruhusu ampea ngapi mfululizo. BBS02 ya wati 750 inavuta hadi ampea 25, BBSHD 30. Betri ya bei rahisi yenye BMS ya ampea 15 au 20 itakwenda vizuri mjini, halafu ukiingia mchangani na mzigo kila kitu kinazima, skrini nyeusi. Ukizima na kuwasha inarudi. Watu hufungua mota kutafuta ubovu, kumbe betri inajilinda. Taka BMS ya ampea 30, iandikwe kwenye risiti.

Betri ya volti 48 ikijaa inasoma 54.6. Ya 36 inasoma 42, ya 52 inasoma 58.8. Chaja ya moja usiiazime kwa nyingine, hata kama plagi inaingia. Joto la Malindi ndilo linalozeesha seli: usiiache juani juu ya baiskeli, usiichaji mara tu umefika ikiwa na moto, ingoje nusu saa au saa nzima kivulini. Kama safari ya kesho ni fupi, simamisha chaja kwenye volti 53.3 kwa betri ya 48, nayo itakuongezea maisha. Ukisafiri mwezi mzima iache nusu, si imejaa. Na usichaji usiku chini ya paa la makuti umelala. Weka betri kwenye sakafu ya saruji, mbali na mlango wa kutokea, mchana, mtu akiwepo.

Chumvi inaingia chini

Mota ya pedali ina ubaya mmoja wa umbo: ndiyo sehemu ya chini kabisa ya baiskeli. Kina cha maji kinachogusa tu tairi ya baiskeli ya habu kinaweza kuifikia. Madimbwi ya masika mjini yapite polepole, na ufuo wakati wa maji kupwa, ule mchanga mgumu unaovutia, uache kwa watembea kwa miguu. Tairi ya mbele inarusha maji ya bahari moja kwa moja kwenye mota. Madigadi ya mbele yenye ulimi mrefu wa mpira, unaoshuka hadi kama sentimita 10 kutoka ardhini, yanasaidia kuliko dawa yoyote.

Kuosha nako kuna ujanja. Visima vingi vya pwani hapa vina maji ya chumvi. Ukiosha baiskeli kwa maji hayo unaongeza chumvi unayotaka kuitoa. Tumia maji ya mfereji, ya Baricho, lita mbili kwenye ndoo na kitambaa, futa kisha kausha. Mashine ya kuoshea magari isiikaribie, inasukuma maji kupita mipira ya beringi.

Kila plagi fungua mara moja ikiwa mpya, paka grisi ya silikoni ndani, funga. Waya ziache mkunjo wa kushuka kabla ya kuingia kwenye mota au betri, ili tone la maji lidondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani. Boliti za chuma kisichoshika kutu ndani ya aluminiamu hushikana kwa chumvi mpaka zikatike, kwa hivyo paka grisi kila moja, na bomba la kiti litoe na ulipake kila mwezi. Skrini ya Bafang ikionyesha 21, ni sensa ya mwendo: mara nyingi sumaku ya spoki imesogea au plagi yake imeota kutu ya kijani. Ikionyesha 30 ni mawasiliano kati ya skrini na mota, anza na plagi kubwa ya hendeli. Safisha kabla ya kununua chochote.

Kabla hujatoa pesa

Nenda na mita ya umeme. Betri ya volti 48 iliyosemwa imejaa isome 54 na kitu. Washa skrini isome volti, panda, bonyeza nguvu zote kwenye mchanga, uone inashuka ngapi. Kushuka mbili au tatu ni kawaida, zaidi ya tano seli zimechoka. Zima mota ukanyage: isiwe na mzigo mzito mguuni. Mota ikinguruma na krenki haisukumi, gia ya nailoni imekatika meno, au klachi ya upande mmoja imekwisha. Zote hutengenezeka, lakini bei ishuke. Angalia vichwa vya skrubu za gamba la mota. Vikiwa vimechubuka, imeshafunguliwa, uliza kwa nini. Chungulia plagi ya betri kwa tochi: rangi ya kijani ni chumvi, nyeusi ni cheche.

Vipuri vya kuagiza pamoja na mota ni gia ya nailoni, seti ya beringi na mipira yake, sensa ya mwendo, nati mbili za kufungia na spana yake, cheni mbili, na kontrola (bodi inayoongoza mota) moja kwa mwenye kuifanyia biashara. Viagize kwa muuzaji yule yule na kwenye mzigo ule ule, ukitaja aina na volti ya mota, kwa sababu gia ya BBS02 haiingii kwenye BBSHD, na ya TSDZ2 haiingii kwenye yoyote kati ya hizo.